Mpangaji wa Marekani: Ununue Bima ya Kiasi Gani?

Ofisi nyingi za kupangisha nyumba Marekani hazikupi ufunguo mpaka uonyeshe karatasi ya bima ya mpangaji. Mkataba umeshasainiwa, amana imelipwa, gari la kuhamisha vyombo linangoja nje, na karani anasema kimebaki kitu kimoja tu. Hapo wengi wetu hufungua simu, hugusa kampuni ya kwanza inayojitokeza, huchagua kiwango cha chini kabisa na kulipa. Hati hiyo haiangaliwi tena mpaka siku bomba litakapopasuka.

Shida ni kwamba kiwango anachodai karani kimewekwa kwa ajili ya mwenye nyumba. Mara nyingi anachotaka ni dola 100,000 za kulipia uharibifu utakaousababisha kwenye jengo lake. Kama makochi yako yataungua, au utalala wapi usiku huo, hilo halimhusu. Ukinunua kwa kipimo chake, umemkinga yeye kwa fedha yako.

Kipimo chako kiwe hiki: hasara ndogo ibebe mwenyewe, hasara ya kukufilisi ipeleke kwa kampuni ya bima. Ukiishika kanuni hiyo kuanzia sehemu ya kwanza ya hati mpaka ya mwisho, utajua wapi pa kuongeza na wapi pa kupunguza. Wapangaji wengi hulipa kati ya dola 15 na 20 kwa mwezi, na tofauti kati ya hati dhaifu na hati nzuri mara nyingi ni dola chache tu.

Kwanza, ondoa dhana mbili

Dhana ya kwanza ni kwamba jengo lina bima, kwa hiyo na wewe umo. Jengo lina bima kweli, lakini inalipia kuta, paa, mabomba na kodi atakayoikosa mwenye nyumba. Godoro lako na nguo za watoto hazimo.

Dhana ya pili ni kwamba jamii itachanga. Ni kweli tunachanga, na tusiache. Vikundi vya WhatsApp vya Wakenya wa Minnesota, Watanzania wa Texas na Wakongo wa Kentucky vimesafirisha miili mingi nyumbani na kufariji familia nyingi. Lakini mchango mzuri utakununulia magodoro na nguo za wiki mbili. Hautalipa hoteli ya miezi miwili, wala wakili pale jirani atakapokushtaki.

Usiseme pia kwamba wewe ni mwangalifu, hivyo moto hautatokea kwako. Tarehe 9 Januari 2022, katika jengo la Twin Parks North West huko Bronx, New York, hita ya umeme iliwasha moto ndani ya nyumba moja. Watu 17 walikufa, wengi wao wenye asili ya Gambia, kwa sababu moshi ulipanda ngazi mpaka ghorofa za juu ambako moto wenyewe haukufika. Unapoishi katika jengo la watu wengi, uangalifu wako unaishia mlangoni pako.

Mali: hesabu chumba kwa chumba

Ukimuuliza mpangaji vitu vyake vina thamani gani, atasema labda dola 5,000, kwa sababu akilini mwake ameona televisheni, makochi na kompyuta. Hakuona soksi, sufuria, mashuka, jaketi za baridi wala nyama iliyo kwenye friza. Hivyo visivyoonekana ndivyo vinavyokula fedha.

Tuchukue familia ya kubuni: baba, mama na watoto watatu, katika nyumba ya vyumba viwili vya kulala huko Columbus, Ohio. Sebuleni kuna makochi ya dola 1,400, televisheni ya 500, meza na viti 300, kompyuta mbili za 1,300, zulia la 200 na mashine ya michezo ya watoto ya 400. Jumla ni 4,100. Vyumbani, vitanda na magodoro ni 2,800, makabati 900, mashuka na mablanketi 600. Jumla ni 4,300.

Jikoni, sufuria, sahani na visu ni 900, blenda na vyombo vingine vya umeme 400, friza 500, na chakula chote pamoja na nyama ya mbuzi aliyenunuliwa mzima na kukatwakatwa ni 700. Jumla ni 2,500. Simu tatu ni 1,800. Cherehani, baiskeli na viti vya watoto vya kwenye gari ni 1,100.

Nguo tumeziacha mwisho kwa makusudi. Fungua kabati la mtu mzima mmoja aliyekaa Ohio miaka minne: suti mbili, magauni ya vitenge yaliyoshonwa nyumbani, sare za kazi, jaketi mbili za theluji, buti, viatu vya kanisani na vya kazini, mabegi, nguo za ndani. Kuvinunua vyote upya kwa siku moja si chini ya dola 3,000. Wazazi wawili ni 6,000, na watoto watatu kwa dola 1,000 kila mmoja ni 3,000. Jumla ni 9,000, zaidi ya vyote vya sebuleni na jikoni vikiwekwa pamoja.

Hesabu nzima inafika dola 22,800. Ongeza asilimia 10 kwa ajili ya kodi ya mauzo na vile ulivyovisahau, na unapata kama 25,000. Hicho ndicho kiwango cha mali cha familia hii, wala si 5,000.

Kuna jambo ambalo waliofika kama wakimbizi hulikosea mara nyingi. Meza uliyopewa na shirika lililokupokea, au kitanda ulichopewa na kanisa, hukukilipia hata senti, kwa hiyo unakiacha nje ya hesabu. Kiweke. Kikiungua, hakuna atakayekuletea kingine bure, na utakwenda dukani kama wengine.

Hesabu yenyewe ifanye kwa simu. Pita kila chumba ukirekodi video, fungua kila kabati na droo, taja kitu na bei yake kwa sauti. Itume kwenye barua pepe yako au kwa ndugu wa mji mwingine, maana video iliyo ndani ya simu iliyoungua haisaidii. Siku ya dai, kampuni itakutaka uorodheshe kila kitu, na mtu aliyetoka kukimbia moto hakumbuki alikuwa na mataulo mangapi.

Bei ya kipya au bei ya uchakavu?

Hapa ndipo hati mbili zinazoonekana sawa hutofautiana kabisa. Aina moja hulipa thamani ya kitu baada ya kutoa uchakavu. Nyingine hulipa gharama ya kununua kipya cha aina hiyohiyo.

Chukua yale makochi ya dola 1,400, yenye umri wa miaka mitano. Kampuni ikiyapa maisha ya miaka 10, leo yana thamani ya 700. Ukitoa dola 500 za kwanza za hasara, ambazo hati inakutaka uzibebe mwenyewe, unabaki na 200. Kwa nyumba nzima, tukisema uchakavu umekula nusu, familia yetu ingepokea dola 10,900 badala ya 22,300. Hizo 11,400 zilizopungua utazitoa wapi, na watoto wamelala sakafuni?

Nunua hati inayolipa bei ya kipya, hata kama ada itapanda kidogo. Ukilazimika kupunguza kitu ili kumudu ada, usipunguze hiki. Fahamu tu utaratibu wake: kampuni nyingi hukupa kwanza thamani ya uchakavu, kisha hukumalizia baki ukishanunua na kupeleka risiti. Kwa hiyo tunza risiti zote na uulize umepewa muda gani wa kununua.

Dhima: sehemu inayoweza kukufilisi

Dhima ni pale unapowajibika kwa hasara au jeraha la mtu mwingine. Watu huiruka sehemu hii kwa sababu haina picha ya kochi wala televisheni, na ndiyo yenye uzito kuliko zote.

Fikiri hivi. Ni Jumamosi jioni, mafuta ya maandazi yako jikoni, mtu anabisha hodi, unakwenda kufungua. Ukirudi sufuria inawaka. Vinyunyizio vya darini vinafunguka na kumwaga maji, zimamoto wanaingia na mipira yao, maji yanashuka nyumba tatu za chini. Hakuna aliyeumia, na moto umeunguza ukuta mmoja tu. Lakini dari, sakafu, makabati na nyaya za nyumba nne zinahitaji kutengenezwa. Bili ya namna hiyo inaweza kufika makumi ya maelfu ya dola. Tusisahau kwamba kupika ndiko kunakoongoza kuwasha moto katika nyumba za Marekani.

Kampuni ya mwenye nyumba itamlipa mwenye nyumba, kisha inaweza kukugeukia wewe ili irudishiwe fedha yake. Mahakama za baadhi ya majimbo humhesabu mpangaji kuwa naye amefunikwa na bima ya moto ya jengo, hivyo haruhusiwi kudaiwa. Nyingine huangalia mkataba umesema nini, na nyingine humwacha adaiwe. Majirani nao wana vitu vyao vilivyolowa. Ukishindwa kesi, katika majimbo mengi mahakama inaweza kuamuru sehemu ya mshahara wako ikatwe.

Bima ya dhima hulipa madai hayo, na humlipa pia wakili wa kukutetea. Hukufuata hata nje ya nyumba, kwa mfano mtoto wako akimgonga mzee kwa baiskeli kwenye bustani ya umma. Haihusu ajali za gari, ambazo zina bima yake, wala uharibifu wa makusudi. Pamoja nayo huja kifungu kidogo cha matibabu ya wageni, mara nyingi kati ya dola 1,000 na 5,000. Mgeni akiteleza kwako, hulipiwa bila kubishana nani mwenye kosa.

Kiasi gani? Dola 100,000 ndicho kiwango cha chini cha kawaida sokoni. Jengo likiwa na nyumba nyingi, nenda 300,000. Kupanda kutoka kimoja kwenda kingine huwa kunaongeza dola chache kwa mwezi. Kwa mwenye mshahara mzuri, akiba benki au anayetarajia kununua nyumba karibuni, nisingeshauri pungufu ya hapo.

Jihadhari na jambo moja ofisini. Baadhi ya wapangishaji hukuwekea ada ya kila mwezi juu ya kodi na kukwambia kwamba hiyo inatosha badala ya bima. Soma vizuri. Mara nyingi ada hiyo hulinda jengo lao tu, haina hata dola moja ya vitu vyako wala ya hoteli yako.

Utalala wapi?

Nyumba isipokalika kwa moto au maji, hati hulipa gharama za ziada za kuishi kwingine: hoteli, chakula cha nje, kufua. Neno muhimu ni *ziada*. Kama kwa kawaida mnatumia dola 200 kwa wiki kwa chakula na sasa mnatumia 350, mtarudishiwa 150.

Hoteli ya dola 110 kwa usiku kwa siku 60 ni dola 6,600. Sasa tazama hati yako. Kampuni nyingi huweka kifungu hiki kwa asilimia ya kiwango cha mali, 20 au 30 kwa mfano. Aliyenunua mali ya 25,000 kwa asilimia 30 ana dola 7,500, zinamtosha. Aliyejibana akanunua 10,000 kwa asilimia 20 ana dola 2,000, na ataondolewa hotelini kabla ya wiki tatu kwisha. Ndiyo maana kudanganya kwenye hesabu ya mali ili ada ishuke kunakuumiza mara mbili.

Vinavyokatwa kimyakimya

Hata hati yenye kiwango kikubwa ina dari ndogo kwa vitu fulani. Fedha taslimu mara nyingi ni dola 200 tu, kwa hiyo mchezo wa upatu ukishika zamu yako, fedha isilale chini ya godoro. Vito vilivyoibwa mara nyingi huishia dola 1,500 kwa vyote pamoja. Mwenye dhahabu ya harusi aliyotoka nayo Zanzibar au Dubai aipimishe bei na kuiandikisha peke yake kwa nyongeza ndogo ya ada.

Biashara ya nyumbani nayo ina dari yake, na hapa jamii yetu inaguswa sana. Robota za vitenge vya kuuza, mashine za saluni, vyombo vya upishi wa sherehe, vyote vina kiwango kidogo, mara nyingi dola 2,500. Kibaya zaidi, dhima ya biashara huwa imetolewa kabisa. Mteja unayemsuka nywele akiunguzwa na maji ya moto, au mtoto unayelipwa kumlea akianguka, hati ya kawaida inaweza kukataa kulipa. Ukifanya kazi hizo nyumbani, mwambie wakala na ununue nyongeza. Ukimficha, dai litamfichulia.

Angalia pia ni nani amefunikwa. Kwa kawaida ni wewe, mwenzi wako na jamaa zenu wanaoishi nanyi. Mdogo wako anayelala sebuleni anahesabika. Rafiki mliyekulia naye Goma mkapanga nyumba pamoja hahesabiki, hata kama watoto wanamwita baba mdogo. Akate hati yake, au aandikwe kwenye yako kwa jina. Mchumba ambaye hamjafunga ndoa naye pia aandikwe.

Mafuriko ni nje kabisa ya bima ya mpangaji. Bomba likipasuka kwa baridi unalipwa, mto ukiingia mlangoni hulipwi. Waliokuwa Houston wakati wa kimbunga Harvey mwaka 2017, na waliokuwa vyumba vya chini ya ardhi New York mvua za mabaki ya kimbunga Ida ziliponyesha Septemba 2021, wanajua maji yanavyoingia. Serikali kuu ina Mpango wa Taifa wa Bima ya Mafuriko, ambao humfunika mpangaji vitu vya ndani mpaka dola 100,000. Kwa kawaida huanza kufanya kazi siku 30 baada ya kununua, kwa hiyo usingoje tangazo la kimbunga. Tetemeko la ardhi, kwa walio California, ni nyongeza nyingine. Kunguni ni mzigo wako na wa mwenye nyumba, kampuni haimo.

Lipo na la kufurahisha: vitu vyako huwa vimefunikwa popote duniani. Kompyuta ikiibwa ndani ya gari, bima ya gari hulipia kioo na bima ya mpangaji hulipia kompyuta. Begi likiibwa ukiwa likizo Nairobi au Dar es Salaam, nalo limo. Pata tu taarifa ya polisi ya hukohuko.

Kiasi cha kujibebea mwenyewe

Kila dai la mali huanza kwa wewe kubeba sehemu ya kwanza: dola 250, 500 au 1,000. Ukikubali kubeba zaidi, ada inashuka. Chagua kiasi unachoweza kukitoa ndani ya wiki moja bila kukopa wala kusimamisha fedha za nyumbani kwa mama. Kwa wengi ni 500. Mwenye akiba achague 1,000, na ada atakayoiokoa aipeleke kwenye dhima.

Usikimbilie kudai kila kitu. Simu ya dola 600 ikiibwa nawe unabeba 500, utapata 100 na kuacha alama kwenye kumbukumbu za madai, ambazo kampuni nyingine zinaweza kuziona kwa miaka saba. Hiyo ni hasara ndogo. Ibebe.

Uliza haya kabla ya kulipa

Je, mali inalipwa kwa bei ya kipya? Dhima ni kiasi gani, na kupanda hadi 300,000 kunaongeza dola ngapi? Gharama za kuishi kwingine ni asilimia ngapi, au ni kwa miezi mingapi? Maji yanayorudi kupitia choo na mifereji yamefunikwa, au ni nyongeza? Ni majina ya nani yamo kwenye hati? Omba majibu kwa maandishi. Kiingereza kikikupa taabu, omba mkalimani. Kampuni kubwa nyingi zina wakalimani kwa njia ya simu. Kampuni ikikataa dai bila sababu ya kueleweka, kila jimbo lina idara ya bima inayopokea malalamiko bila malipo.

Linganisha kampuni tatu kwa viwango vilevile. Ukilinganisha hati ya 10,000 na ya 25,000, hujalinganisha kitu. Kama una gari, anza na kampuni iliyolikatia bima, kwa sababu ukiwa na hati mbili kwao kwa kawaida hupunguza ada.

Kwa familia yetu ya Columbus, ushauri wangu ni huu: mali dola 25,000 kwa bei ya kipya, dhima 300,000, kuishi kwingine asilimia 30, kujibebea 500, na kama mama ana dhahabu, iandikwe peke yake. Viwango vyako vitatofautiana na vyao, lakini hesabu ni ileile. Ifanye Jumamosi hii, kabla mkataba wako haujafika wakati wa kuongezwa, na kila ukinunua kitu kikubwa au mtoto akizaliwa, irudie.